Mtungi unaobingirika na kuteleza kwenye bamba la mgongoni: usiliuze bamba, tazama mikanda

Ndugu muulizaji, salaam. Kwa faida ya wanaoingia sasa, nalirudia swali lako kwa ufupi. Shemeji yako amekuletea kutoka Ujerumani bamba la mgongoni la chuma cha pua (lile linalobeba mtungi) pamoja na bawa la hewa (mfuko unaojazwa hewa ili uelee), vyote vimekwisha kutumika. Umevifunga kwenye mtungi wa hewa wa alumini wa kukodi, ukaenda kupiga mbizi mara mbili pale Mbudya. Mara ya kwanza kisogo chako kiligonga regyuleta (kifaa cha kupumulia, ambacho kichwa chake hufungwa juu ya mtungi na kipande chake cha mdomoni huja kwa hozi) kila ulipoinua kichwa, na mtungi ukawa unabingirika kushoto na kulia kama debe kwenye mkokoteni. Mara ya pili uliushusha kidogo, lakini ulipofika chini ukaanza kuteleza wenyewe mpaka mwenzako akaushika kwa mikono. Wachangiaji wawili wamekushauri uliuze bamba na kununua jaketi la kawaida la kuelea. Mimi nakusihi usiuze, kwa sababu katika yote uliyoyaeleza sijaona kosa hata moja la bamba wala la bawa. Unachohangaika nacho ni ufungaji wa mtungi, na hilo ni jambo la jioni moja.

Nimefanya kazi kwenye boti za wapiga mbizi huko Nungwi kwa miaka 11, nikianza kama kijana wa kujaza mitungi kwenye kompresa na kuipanga botini, kisha kama kiongozi wa wageni chini ya maji. (Nasema mpiga mbizi makusudi, maana ukijiita mzamiaji mbele ya watu wa bandarini watakudhania unatafuta meli ya kujificha.) Bamba nimelitumia kwa miaka saba, na makosa yako yote matatu nimewahi kuyafanya, mawili kati ya hayo mbele ya wageni.

Tuanze na kubingirika, kwa kuwa chanzo chake kimo ndani ya umbo lenyewe la bamba. Bamba hili halikubuniwa kwa ajili ya mtungi mmoja. Lilianza mwaka 1979 kwa wapiga mbizi wa mapangoni wa kaskazini mwa Florida, Marekani, kwa mkono wa Greg Flanagan, na likaendelezwa na William Hogarth Main, na watu wale walikuwa wakiingia mapangoni na mitungi miwili iliyofungwa pamoja mgongoni. Lilaze bamba lako mezani, upande wa mgongo wako ukiwa chini, utaona tuta linalopita katikati kutoka juu hadi chini. Tuta hilo huingia kwenye bonde lililopo kati ya mitungi miwili na kutulia humo. Matundu mawili ya bolti, yaliyoachana sentimita 28, nayo yamepangwa kwa ajili ya bolti zinazotoka kwenye vyuma vya kuunganishia mitungi hiyo. Sasa wewe umechukua mtungi mmoja wa duara ukauegemeza juu ya tuta hilo hilo. Kitu cha duara kikikaa juu ya tuta, hata ukikaze namna gani, kitatafuta upande wa kuangukia.

Kuna njia mbili za kuondoa kasoro hiyo, na kabla hujatoa hata shilingi mfukoni, likague kwanza bawa lako. Baadhi ya mabawa ya mtungi mmoja yameshonewa, upande unaotazama mtungi, vijiti viwili vigumu vilivyosimama wima, kimoja kila upande wa mstari wa katikati, na karibu yake mna mianya ya kupitishia mikanda. Ukikuta vijiti hivyo basi huhitaji kitu kingine: mtungi hukaa kati ya viwili hivyo kama chungu juu ya mafiga, na mikanda hupita kwenye mianya ya bamba, ikapita kwenye mianya ya bawa, ikauzunguka mtungi. Kama bawa lako halina vijiti wala mianya, ila lina matundu mawili tu yenye pete za chuma, basi linahitaji adapta ya mtungi mmoja, ambayo ni kipande kirefu cha chuma chenye mbawa mbili zilizokunjwa kuufuata mviringo wa mtungi. Adapta hiyo hufungwa kwa bolti mbili zinazopenya bawa na bamba, na nati zake hukaa ndani ya mfereji wa tuta upande wa mgongo wako, kwa hiyo hazikuchomi. Bolti hizo kwa kawaida ni za M8. Hakikisha hazitokezi zaidi ya kina cha mfereji, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana, na uzikague kila siku ya kazi, kwa sababu mtikisiko wa boti hulegeza nati kuliko watu wanavyofikiri.

Kwa maelezo yako kwamba mikanda uliipitisha “kwenye bamba tu, bawa likaning'inia kwa bolti”, nina karibu hakika bawa lako ni la aina ya pili na kwamba adapta ilibaki Ujerumani. Muulize shemeji kabla ya kununua.

Utasikia pia ushauri wa kuchongesha adapta kwa fundi. Unawezekana, ila nisimulie yaliyonikuta. Nilikwenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na mchoro wangu pamoja na kipande cha chuma kisichoshika kutu chenye unene wa milimita 3, na fundi akanikunjia vizuri kabisa, kwa pembe niliyotaka na kwa bei ambayo ilinifurahisha. Kosa lilikuwa langu: sikumwambia apige tupa kwenye kingo za mianya. Kwa macho zilionekana safi. Baada ya wiki tatu mkanda wa juu ulianza kutoa nyuzi, na nilipopitisha kidole ndani ya mwanya nikakuta makali kama ya wembe ambayo yalikuwa yakikata nailoni kidogo kidogo kila mtungi ulipotikisika. Ukichongesha, kaa na fundi mpaka kingo zote ziwe butu kwa mguso wa kidole, ndani ya mianya pia, na usikubali mianya iwe na upana pungufu ya sentimita 5, kwa kuwa mikanda yote ya kazi hii ina upana huo.

Sasa kuteleza, na hapa ndipo ningependa unisome kwa makini zaidi, kwa sababu mtungi unaobingirika huudhi, bali unaochomoka unaweza kukuvuta regyuleta kinywani. Mkanda wa nailoni ukiwa mkavu huwa mgumu na mfupi. Ukilowa hulegea. Mtu akiufunga ukiwa umekauka juani, akakaza mpaka bizimu (kifungio cha mkanda) likalia, huamini amefanya kazi yake, kumbe ameukaza mkanda ambao baada ya dakika kumi utakuwa mkanda mwingine. Siku moja karibu na Mnemba nilikuwa na vifaa vilivyoshinda juu ya paa la boti tangu asubuhi, na bahari ikiwa ya bamvua nikawa na haraka ya kuingia kabla mkondo haujabadilika. Nikamfungia mgeni mtungi wake mikanda ikiwa mikavu kama makuti. Tulipofika mita 14 nikamwona anageuka geuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mtungi ulikuwa umeteleza wote hadi chini ya makalio yake, umeshikiliwa na hozi peke yake, na hozi ya kupumulia imemvuta kichwa upande wa kulia kiasi kwamba alikuwa ameing'ata regyuleta kwa meno. Nilimpigisha magoti mchangani, nikafungua bizimu, nikausukuma mtungi juu, nikakaza tena. Mara hiyo mkanda ulikuwa umelowa, na ulikaa mpaka mwisho. Yule mgeni alicheka tulipopanda botini. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo lowesha kwanza. Ichovye mikanda kwenye ndoo ya maji, ikae dakika mbili tatu, iminye kwa mkono ili maji yaingie ndani ya nyuzi, ndipo uifunge. Ukishaifunga, iache kidogo ukaandae barakoa na viatu vyako, kisha urudi uikaze mara ya pili, na utashangaa kuona bado inakubali kuvutwa. Mikanda iliyozeeka, ambayo imekuwa laini na yenye kung'aa kama kitambaa cha kanga kilichofuliwa mno, ibadilishe bila kuihurumia.

Yapo mambo mengine mawili yanayoleta kuteleza. La kwanza ni ule wavu wa plastiki ambao vituo vingi huuvalisha mtungi ili rangi isikwaruzwe. Mkanda ukifungwa juu ya wavu hushika wavu na sio mtungi, na wavu wenyewe huteremka. Ushushe wavu chini ya mkanda wa chini au uuvue kabisa. La pili ni namna mkanda unavyopita kwenye bizimu la plastiki. Bizimu hilo lina mianya mitatu, na mkanda lazima ujirudie juu ya nguzo ili ujibane wenyewe unapovutwa. Mwanya wa mwisho, ulio kwenye ncha, ndio unaozuia bizimu lisifunguke likikwaruzwa na ngazi ya boti. Watu wengi huuruka mwanya huo kwa kuwa mkanda unaonekana umekaza bila huo. Nakushauri upate mtu anayejua, akufungie mara moja taratibu, nawe upige picha kwa simu kila hatua. Mimi mwenyewe hubaki na picha hiyo mpaka leo, na kila ninapochomoa mkanda wote kwa ajili ya kuuosha huirejea, kwa sababu mikono husahau jambo hili haraka ajabu. Mabizimu ya chuma ni mepesi kutumia: ukishaupima urefu wa mkanda mara moja, kazi inayobaki ni kufungua na kufunga. Ila yamepimwa kwa mtungi mmoja, na vipimo vya mitungi havilingani.

Mtungi wa alumini unaokodishwa sana pwani yetu, ule wa lita 11.1 ambao wengi huuita “themanini”, una kipenyo cha milimita 184. Mitungi ya chuma ya lita 12 huja kwa maumbo mawili, mrefu mwembamba wa milimita 171 na mfupi mnene wa milimita 203. Ukizungusha futi ya fundi cherehani kwenye hiyo mitatu utapata tofauti ya mzingo ya sentimita 4 kati ya mwembamba na wa alumini, na sentimita 6 kati ya wa alumini na ule mnene. Kwa hiyo kituo kikikupa mtungi wa aina nyingine siku ya pili, usitegemee kipimo cha jana. Shemeji yako yamkini alikuwa akitumia chuma cha milimita 171, maana ulisema mwanzoni mikanda “iligoma kufika” kwenye mtungi wako wa alumini.

Tumia mikanda miwili. Bamba lina nafasi ya miwili kwa sababu mmoja huruhusu mtungi kuyumba kama pendulamu hata ukiwa umekaza sana. Wa juu ulale kwenye ukuta ulionyooka wa mtungi, sentimita 5 hivi chini ya pale bega la mtungi linapoanza kupinda, na usiuache upande kwenye bega lenyewe, kwani hapo mkanda una upande mmoja wenye kushika na upande mmoja unaoning'inia. Wa chini ushike mtungi wenyewe, juu zaidi ya kiatu cha mpira kinachovalishwa kitako, kama mtungi unacho.

Kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Kimo sahihi cha mtungi kimo mwilini mwako, na watu tunatofautiana shingo. Vaa vifaa vyote nchi kavu, ukaze mikanda ya mabegani kama utakavyokuwa majini, kisha lala kifudifudi juu ya benchi na uinue kichwa kana kwamba unamtazama kiongozi aliye mbele yako. Kisogo kisipogusa regyuleta, peleka mkono wa kulia nyuma ya kichwa uitafute koki ya mtungi. Ukiigusa kwa vidole na unaweza kuizungusha, umepata kimo chako. Ukishindwa kuifikia, pandisha mtungi sentimita mbili. Kisogo kikigonga, shusha mbili. Majini utasahihisha tena: miguu ikizama mtungi upande juu, kichwa kikizama ushuke, na sentimita tatu ni nyingi kuliko zinavyosikika. Kumbuka tu kwamba mtungi wa alumini hupoteza uzito unavyopumua, na kitako chake huanza kuinuka mwishoni mwa mbizi, kwa hiyo mkao wako wa dakika ya kwanza na wa dakika ya arobaini si mmoja. Ukiridhika, piga alama ya kalamu ya wino mzito kwenye bamba au adapta yako, si kwenye mtungi wa watu.

Kuhusu mwelekeo wa koki sina mengi. Tundu la hewa litazame kisogo chako, koki iwe mkono wa kulia, hozi ya kujazia bawa ishuke juu ya bega la kushoto. Kabla ya kukaza mikanda hakikisha bawa halijakunjika au kubanwa kati ya mtungi na adapta, kwa sababu sehemu iliyobanwa hufungia hewa isiyotoka unapotaka kushuka. Hilo hutokea sana kwa mabawa makubwa ya mitungi miwili yaliyofungwa kwenye mtungi mmoja: yakijaa hewa pande zake hukunjana juu ya mtungi kama chapati iliyofunikwa nusu. Kwa mtungi mmoja katika bahari yetu ya joto, bawa lenye uwezo wa kuinua kilo 13 hadi 18 linatosha. Soma kibandiko cha lako.

Umegusia pia kwamba ulizama kama jiwe, na hilo halina uhusiano na mikanda. Ulipokuwa ukitumia jaketi ulikuwa na vipande vya risasi vya kukuzamisha, kilo 6, kiunoni. Jaketi lina sifongo na vitambaa vinavyoelea. Bamba lako la chuma ni mzigo wenyewe, kwa kawaida kilo 2 hadi 2.7, nalo halielei. Ukavaa vyote, bamba pamoja na zile kilo 6. Usiziondoe zote kwa pupa, kwa sababu mtungi wa alumini ukiwa umejaa hubeba hewa yenye uzito wa takriban kilo 2.7, na ukikaribia kwisha wenyewe huanza kuelea kwa karibu kilo 2. Anza na risasi kilo 3, na mwisho wa mbizi, ukiwa na bar 50 (kipimo cha mgandamizo wa hewa iliyobaki mtungini) kwenye geji na bawa likiwa tupu kabisa, jaribu kukaa kwenye mita 5 huku unapumua taratibu. Ukipanda bila kutaka, ongeza kilo moja. Ukikaa, jaribu siku nyingine kupunguza moja.

Kabla ya kuingia majini fanya jaribio hili kila mara, hata nahodha akikupigia honi. Simamisha mtungi sakafuni, shika bamba kwa mkanda wake wa juu, uinue mzigo wote mpaka kitako cha mtungi kiachane na sakafu, kisha utikise mara tatu kwa nguvu. Mtungi ukishuka hata upana wa kidole, fungua uanze upya. Halafu ushike mtungi kwa mikono miwili ujaribu kuuzungusha ndani ya mikanda. Usipozunguka, twende. Na uwaombe vijana wa botini, kwa adabu lakini mapema, wasikunyanyulie vifaa kwa kushika hozi ya bawa. Nilikuwa kijana wa botini, najua hozi ile inavyotamanisha kama mpini, na najua pia sauti inayotoa ikichomoka kwenye shingo yake.

Ukirudi, osha kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ukiwa umevua mtungi, maana chuma cha pua na alumini vikikaa pamoja na chumvi katikati hulana, na anayeumia ni alumini.

Tafadhali niandikie mambo mawili ili nikupe jibu kamili kuhusu adapta: umbali kati ya matundu mawili ya bawa lako, kutoka kitovu hadi kitovu, na kama upande wa mtungi una vijiti au hauna. Mimi nina adapta ya akiba, ile ya Gerezani, na kingo zake sasa ni butu.